Mwezi Uliomnyima Baba Chakula

Mwezi ni kitu kichafu. Wanaousifu hawajauona kwa karibu. Mimi niliuona nikiwa msichana niliyetoka tu kumaliza shule, kwenye shamba la ngano la serikali huko Hanang, na tangu siku hiyo nikitoka nje gizani natazama miguu yangu. Wajukuu wananicheka. Waache wacheke, hawajui nilichokiona.

Tulihamia huko kutoka Mbulu juu. Kwetu ni milima. Ukifungua mlango unakutana na mgongo wa kilima, nyuma yake kingine, na asubuhi ukungu unakuja kukaa uani kama mgeni asiye na haraka. Mama alikuwa ameshafariki, kaka zangu wameoa, na baba akapata kazi ya stoo kipa huko shambani, kutunza spea za matrekta na makombaini ya kuvunia ngano. Nikamfuata ili nimpikie. Tulipewa kota ya nne kutoka kwenye tangi la maji, nyumba ya matofali ya saruji yenye mlango wa bluu, na mbele ya mlango huo hakukuwa na kitu. Sitii chumvi. Miti ilikuwa imeng'olewa, vichuguu vimesawazishwa, na ngano ilianzia pale tulipomwaga maji ya vyombo ikaenda mpaka mbingu ilipoteremka. Mlima Hanang peke yake ndio uliokuwa umesimama, nao ulikuwa nyuma ya nyumba.

Niseme mapema kwamba mimi nina kinyaa. Nilizaliwa nacho. Kikombe alichonywea mtu mwingine sikishiki, na nikiona unywele kwenye chakula, siku yangu imekwisha. Bibi yangu alikuwa akisema nitakufa njaa katika nyumba iliyojaa chakula. Alikosea mtu, kwa sababu aliyekaribia kufa njaa katika nyumba iliyojaa chakula ni baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Pale shambani hapakuwa na jengo la ibada, kwa hiyo Jumapili wafanyakazi Wakristo tulikutana kwenye bwalo, na mchungaji alipokosa usafiri wa kutoka Katesh, baba ndiye aliyeongoza. Alipenda sala ndefu. Alianza na mbingu, akaja kwenye mawingu, akashuka kwenye mvua, ngano, viongozi, wagonjwa, ng'ombe, na mezani kwetu alipofika kwenye ugali wenyewe, ugali ulikuwa umeshaota ngozi. Nilikuwa nikikereka mpaka meno yananiuma. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kutia mdomoni chakula kisichoombewa. Hata hindi la kuchoma, njiani, alilifumbia macho kwanza.

Halafu akaja mzungu mmoja, fundi wa makombaini. Alikuwa mtu mpole, mrefu, na shingo yake iliungua jua na kubanduka vipande vipande, kitu ambacho sikuweza kukitazama nikiwa nimetoka kula. Katika mizigo yake alikuja na darubini, bomba nene jeupe lenye miguu mitatu, akalisimamisha mbele ya nyumba yake. Jioni moja, jua limetoka kuzama na mwezi uko juu, akawaita watu wote waje watazame.

Walipanga foleni kama ya zahanati. Ulikuwa msimu wa mavuno, na kila aliyewahi kukaa maeneo yale anajua macho ya watu yanakuwaje wakati huo. Vumbi la ngano, nzi wa ng'ombe, vikope. Kila jicho lilikuwa jekundu na lina tongotongo zake, na kila jicho lilibandikwa pale pale lilipotoka la mwenzake. Mzungu alikuwa na pamba na spiriti. Baada ya kila mtu alifuta kioo, akatabasamu, akamwita mwingine. Niliiona ile pamba ikigeuka rangi ya kahawia mkononi mwake, nikarudi nyumbani. Baba alibaki, yuko katikati ya foleni na kofia yake kifuani.

Aliporudi chakula kilikuwa mezani. Akanawa, akakaa, akafumba macho, akafungua mdomo. Nikasubiri. Nilikuwa nimezoea kusubiri, lakini kwa kawaida ninasubiri nikisikia maneno. Safari hii palikuwa kimya. Nikafungua jicho moja. Baba alikuwa ameinua uso na mdomo uko wazi, anatazama bati la paa. Kisha akasukuma kiti, akaenda kulala. Mimi nikala, kwa sababu kinyaa changu hakihusiani na sala.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Anakaa, anafumba, anafungua mdomo, hakuna kinachotoka, anainuka. Nikadhani ni koo. Nikampikia uji wenye limau, akautazama ukipoa. Mwisho nikamuuliza kwa ukali kwamba chakula changu kina nini, ndipo akaniambia. Yule mzungu alikuwa amemwonyesha nyota moja, akamwambia mwanga wake umesafiri tangu kabla ya babu yake baba kuzaliwa, na pengine nyota yenyewe imeshazimika na mwanga bado uko njiani. Baba akamuuliza katikati hapo, kati yetu na nyota, kuna nini. Mzungu akasema hakuna. Baba akauliza tena, hakuna kabisa? Akajibiwa hakuna, hata hewa.

Baba mwenyewe neno hilo alilisema kutwa nzima kwenye dirisha la stoo. Hakuna fanibelti, hakuna beringi, hakuna plagi. Lakini alilisema akijua kuwa kitu kipo Arusha au Dar es Salaam na siku moja kitaletwa na lori. Hii hakuna ya mzungu haikuwa na lori.

"Nikiwa stoo nikimwita mtu aliye getini, hanisikii," aliniambia. "Sasa huko, nani atanisikia?"

Nilikasirika. Nikamwambia ale tu, Mungu ataelewa. Akasema hawezi kula kama ng'ombe.

Kitu pekee kilichopita kooni mwake kilikuwa maziwa. Aliyanywa asubuhi, amesimama mlangoni, na kwa sababu hakukaa mezani alijihesabia kuwa hajala. Na maziwa hayo, jamani, ndiyo yaliyonipa taabu kuliko vitu vyote vya shamba lile. Yaliletwa na mama mmoja mzee wa Kibarabaig, kabila la wafugaji waliokuwa na nchi ile kabla ya shamba, aliyekaa pembeni mwa shamba na ng'ombe wachache waliobaki. Alivaa sketi ya ngozi iliyonuka samli na moshi, bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, na shavuni hakukosa tumbaku ya kutafuna. Kibuyu chake alikisafisha kwa makaa na mkojo wa ng'ombe, na hakuficha, alinieleza mwenyewe nilipomuuliza kwa nini maziwa yana vidoa vyeusi. Mimi niliyachuja kwa kitambaa na kuyachemsha mara mbili, na bado nilipoona utando umejikunja juu ya sufuria nilitoka nje kuvuta hewa. Baba aliyanywa mabichi kutoka kwenye kibuyu. Alifuta mdomo kwa kiganja na kumshukuru.

Tena yule mama alikuwa akitema mate. Watu wanaoijua nchi ile wataelewa: kwao mate ni baraka, na hata kwetu Wairaqw wazee wa zamani walibariki hivyo kabla ya kanisa. Kila asubuhi, jua likichomoza, alisimama mbele ya kota yetu akalitemea jua. Wakati mwingine alimtemea mtoto wa jirani kichwani, na mama mtoto alishukuru. Baba alikuwa amekwisha kumkataza, kwa heshima, asiifanye kazi hiyo mlangoni kwa mzee wa kanisa. Yule mama akasogea hatua chache, akaendelea.

Kisha aliingia shambani. Hilo nililiona kila siku nikidhani anatafuta njia ya mkato. Mumewe, nilikuja kuambiwa na majirani, alikuwa mzee mkubwa kwao, na alipokufa walimzika kwa kaburi la heshima, lile la kilima cha udongo kinachojengwa miezi mingi, watu wakija kutoka mbali na ng'ombe na asali. Trekta ilipita juu ya kaburi hilo. Dereva mmoja alitusimulia bwaloni kwamba plau iliruka kidogo tu, na watu wakacheka, nasi tulikuwa tunakula chapati za ngano ya hapo hapo. Mimi nilirudisha yangu kwenye sahani. Mpaka leo chapati nikiipika naiangalia kwanza.

Wiki zikaenda. Baba akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, halafu jingine. Ibada ya shukrani ya mavuno ilikuwa inakaribia, mchungaji alikuwa ameleta habari kwamba hatafika, na wazee wenzake walipokuja kupanga, baba aliwaambia koo linamsumbua. Walimwamini. Mimi sikulala vizuri. Siku moja wakanijia mbio kwamba amedondoka kutoka kwenye ngazi ya stoo akiwa na boksi la filta. Hakuvunjika kitu, lakini nilipomshika mkono kumwinua nilishika mfupa. Nikajua baba yangu atakufa, na atakufa kwa sababu ya bomba la mzungu.

Jioni ile ile nikaenda. Nilikusudia kumtukana. Nilipofika akanipokea kwa furaha, akasema karibu dada, akaanza kulielekeza bomba kabla sijafungua mdomo. Nikaona basi, acha nikione hicho kilichokula ulimi wa baba. Akafuta kioo. Nikamwambia afute tena. Nikabandika jicho.

Mwezi ulinirukia usoni. Ulikuwa na matundu, makovu ya ndui, mengine juu ya mengine, na ngozi yake ilikuwa rangi ya utando wa maziwa yaliyopoa, imejikunja kwenye kingo. Hicho ndicho watu wanachomlinganisha nacho mchumba. Nilitaka kuondoka, lakini akasogeza bomba kidogo, pembeni, kwenye giza, akaniambia nitulie niangalie. Mwanzoni palikuwa patupu. Halafu nikaona punje moja, halafu nyingine, na kadiri nilivyozidi kuangalia ndivyo zilivyozidi, nyuma ya hizi nyingine, nyuma ya zile nyingine, kama mayai ya chawa kwenye mshono wa shati. Zilikuwa hai na zilikuwa hazina haja na mimi. Nikahisi ardhi imeniachia miguu. Kwetu kungekuwa na kilima cha kushika kwa macho. Pale niliinua uso nikaona mbingu imefika chini pande zote, hakuna ukuta, hakuna mti, nami nimesimama ukingoni mwa kitu kisicho na ukingo. Nikatapika kwenye tairi la Land Rover yake.

Aliniletea maji, maskini, hakukasirika. Akaniambia hata yeye mara ya kwanza alisikia kizunguzungu, na kwamba sasa anapenda kule kujiona kuwa si kitu, kunampumzisha. Nilimtazama. Alikuwa na tiketi ya kurudi kwao mfukoni. Mtu wa namna hiyo anaweza kupenda kuwa si kitu mpaka mkataba uishe. Nilirudi nyumbani nimeshika kuta za kota moja moja, na nilipomkuta baba kitandani sikumwambia kitu, kwa sababu sasa nilikuwa namwelewa na nilichukia kumwelewa.

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, yule mama alikuja na maziwa yake kama kawaida. Nikampa shikamoo, akaitikia, akamtazama baba jinsi alivyoshika kibuyu kwa mikono miwili. Akamuuliza kama anaumwa. Baba akasema haumwi. Kisha, sijui kwa nini siku hiyo na si nyingine, naye akamuuliza swali: kila siku unaingia humo shambani, unakwenda wapi?

Akasema anakwenda kwa mume wake.

Baba aliweka kibuyu chini. Mama akakichukua, baba akamwambia twende. Mimi nikatoka nyuma yao na kofia ya baba, kwa kuwa niliogopa ataanguka, na nilitembea nikitazama visigino vyake tu. Ngano ilikuwa imeshavunwa. Yalibaki mabua makavu, sawasawa, pande zote, na juu yake ile mbingu. Tulikwenda muda mrefu bila kupita kitu chochote ambacho mtu angeweza kusema nimekipita. Ghafla mama akasimama. Hapakuwa na jiwe wala alama. Akamwaga maziwa kidogo chini, akalitemea jua, akasema maneno ya kwao kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayemuuliza mwenzake kama ng'ombe wamekunywa maji. Kuna wakati alionekana kumgombeza mumewe.

Mimi, kwa sababu ya hasira na jua na harufu ya maziwa kwenye vumbi, nikamwambia kwamba jana hakusimama hapa. Nilimwona nikiwa mlangoni kwetu, jana alikwenda upande wa kule. Baba akanikaripia. Lakini yeye hakuona ubaya.

"Jana kule, leo hapa," alisema. "Mimi najua kaburi iko wapi? Sijui. Wamelima yote. Nasimama, nasema: mimi niko hapa. Kutafuta ni kazi ya kwake."

Akasogeza tumbaku kutoka shavu hili kwenda lile, akawa amemaliza.

Baba akafanya jambo ambalo sikulitegemea na ambalo wazee wenzake wa kanisa wangelikuta wangemsimamisha uzee. Alimsogelea, akainama, akamtolea kichwa chake chenye mvi. Hakusema anataka nini. Mama hakuuliza. Alivuta kutoka chini kabisa ya kifua, nikausikia ule mvutano wote, nikafumba macho, na nilipofumbua mate yalikuwa yameshafika. Yalikuwa mengi. Yalikuwa ya tumbaku, rangi ya maji ya majani ya chai, yanateremka kutoka kwenye paji la uso wa baba kwenda kwenye nyusi. Nilimpa kitambaa, naye akakikunja akakiweka mfukoni. Yule mama akanitazama na mimi, akapiga hatua. Nikarudi nyuma mbili. Akacheka, meno yote ya kahawia, akachukua kibuyu chake akaenda kwa ng'ombe.

Tulirudi nyumbani. Mchana nikasonga ugali, nikapika maharage, nikaweka mezani kwa mazoea, bila matumaini. Baba akanawa mikono. Uso hakuugusa. Akakaa mbele yangu, yale mate yamefika kwenye shavu na yameanza kukauka, nzi mmoja anayazunguka, nami nikaapa moyoni kwamba nzi yule akitua nitaondoka. Baba akafumba macho. Akafungua mdomo. Nikashika ukingo wa meza.

"Mungu," alisema, na sauti ilikwaruza kwa kukaa bila kazi. Akanyamaza, nikadhani imekwisha. Kisha akaendelea, polepole, kama anavyomwelekeza dereva mgeni anayeleta mzigo. "Sisi tuko hapa. Shamba la ngano, chini ya Mlima Hanang. Ukifika kwenye tangi la maji, hesabu kota. Sisi ni ya nne, mlango wa bluu. Tuko wawili. Amina."

Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, ugali ulikuwa bado unatoa moshi. Akakata tonge, akalichovya, akala. Akala tena. Nzi akatua shavuni kwake. Sikuondoka. Nikasema amina, nikasogeza sahani yangu kwake, naye akaimaliza na hiyo pia.